Nada, Mdogo Wangu

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Kinoru, mjini Meru, ana mazoea ya kutupa maganda ya machungwa kwenye jiko la makaa akishamaliza kupika. Anasema yanafukuza mbu. Jioni moja mwaka jana moshi huo ulipanda ngazi, ukapita chini ya mlango wangu, ukanikuta nimeinamia rundo la insha za wanafunzi wa kidato cha pili. Kalamu ikanitoka mkononi. Ganda la chungwa likianza kuungua hunukia utamu, kisha utamu huo hugeuka uchungu, na katikati hapo kuna mahali padogo sana ambapo mimi nina umri wa miaka saba. Nimeketi kwenye benchi la mbao, miguu yangu haifiki sakafuni, na ninangoja kuambiwa mama yangu amejifungua mtoto gani.

Habari hii nimewahi kuwaambia watu wawili tu. Ninyi mnaosoma mtakuwa wa tatu, na nawaomba mnivumilie nikienda polepole, maana kuna sehemu ambazo hata leo nazipita kwa kunyata.

Kwetu ni Kiambere, kule chini Mbeere, ambako joto hukaa ndani ya mawe hata jua likishaondoka. Kutoka kilimani nyuma ya boma letu uliyaona maji ya bwawa yakimeta, mengi kupita kiasi, ilhali sisi tulibebewa maji ya kunywa na punda kutoka mbali. Nilipokuwa mdogo sikulielewa jambo hilo, na watu wakubwa niliowauliza waliniambia niache maswali. Tulilima ndengu na mtama, tukafuga mbuzi. Baba alikuwa Laare, huko milima ya Nyambene, akifungasha miraa kwa tajiri mmoja, na tulimwona mwisho wa mwezi akija na ndizi na hadithi za mvua. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi, na Cucu, yaani nyanya yangu, mamake Mama. Cucu hakuwa na mtoto mwingine, kwa hivyo baba alimjengea nyumba yake ndogo pembeni mwa jiko letu.

Zahanati yetu iliendeshwa na masista, na muuguzi mkubwa alikuwa Sista Pilar kutoka Uhispania. Sisi tulimwita Sista Pilari, kwa sababu ndimi zetu hazikukubali kuliacha neno likining'inia bila mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya kuamrisha. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Sisi tuliongea Kimbeere nyumbani, na Kiswahili tulikutana nacho shuleni kama mgeni wa heshima ambaye hujui umkalishe wapi. Mtoto akilia kwenye foleni ya sindano, "Sista, mkono yangu inauma," Sista alisimamisha sindano hewani, akasema, "Mkono wangu unauma." Ukishasahihisha ndipo akudunge. Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na mitatu sasa, na nikiulizwa ngeli nilifundishwa na nani, huwa nacheka peke yangu.

Lakini alipochoka sana, au jambo lilipomshinda, Kiswahili chote kilimtoka, akarudi kwenye lugha ya kwao. Tuliijua lugha ile kwa sauti tu. Ilikwenda mbio na kugonga, kama maji yakimwagika juu ya bati. Na katika chumba cha kujifungulia alikuwa na jiko dogo la makaa ambalo alilitupia maganda ya machungwa, ili akina mama wasisikie harufu ya damu na dawa.

Sasa niwaeleze habari ya jina, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kwetu mtoto hachaguliwi jina, jina linamngoja. Msichana wa kwanza huitwa mamake baba, wa pili huitwa mamake mama. Mimi ni Wawira kwa sababu mamake baba alikuwa Wawira. Mtoto wa kike wa pili angekuwa Njoki, jina la Cucu, na maana ya Njoki ni yule aliyerudi. Miaka sita ilipita baada yangu bila Mama kushika mimba. Cucu hakulalamika hata siku moja, ila nilipokuwa nikimkanda goti lake bovu alikuwa akiniuliza, "Wawira, tumbo la mamako unalionaje?" Hatimaye siku moja nikamjibu kwamba naliona limetoka mbele. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Mama alikuwa akianika ndengu juu ya turubai, nami nikifukuza kuku. Nilimwona akipiga magoti taratibu, kama mtu aliyeona kitu kidogo chini. Akakaa hivyo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nenda umwite Mama Nyaga. Mwambie aje na punda."

Mama Nyaga alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, na ndiye aliyekuwa na mkokoteni. Walimlaza Mama juu ya magunia. Cucu, kwa sababu ya goti, alibaki nyumbani atengeneze uji. Mimi nilitembea nyuma ya mkokoteni nikiwa nimebeba mfuko wenye leso na kofia ya sufu ya mtoto. Kila gurudumu lilipopanda jiwe Mama aliuma kona ya leso aliyojifunga. Mama Nyaga aliongea njia nzima kuhusu harusi fulani. Nilimchukia kwa maneno yale. Leo najua alikuwa akiyatumia kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Nikawekwa kwenye lile benchi la barazani. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na niliyasikia yote. Sitayaandika yote. Kitu kimoja tu nitakiandika, kwa sababu ndicho kilichokaa nami: baada ya Mama kupaza sauti kwa nguvu na kunyamaza, nilisikia mtoto akilia. Mara moja. Sauti nyembamba, kama kitoto cha mbuzi kilichozaliwa asubuhi ile, kinachoanza kuuliza swali kisha kikasahau kilitaka kuuliza nini. Nilisimama. Nikangoja alie tena. Niliwasikia Mama Nyaga na Sista wakisemezana haraka, karai likaanguka, maji yakamwagwa. Halafu kimya. Kimya kile kilikaa mpaka harufu ya machungwa ikaanza kupita chini ya mlango.

Sista Pilar alitoka mikono yake ikiwa imelowa hadi kwenye viwiko. Hakuniona mpaka alipokaribia kunikanyaga. Akaketi kando yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya na mtoto yeyote.

"Sista, ni msichana?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Furaha ilinipanda, nikasahau kimya kile. "Anaitwa nani?"

Alikuwa akitazama mikono yake na kunong'ona kwa lugha ya kwao, maneno mengi yaliyofuatana, na neno la mwisho kila mara lilikuwa lilelile. Nilisubiri lije tena, nikalidaka.

"Nada?"

Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaweka kiganja chake chenye maji juu ya kichwa changu, akasema polepole, "Nada, mtoto wangu. Nada."

Basi nikawa nimeambiwa jina la mdogo wangu.

Nilikimbia. Hakuna aliyenituma. Nilikimbia njia yote ile nyeupe, jua likinichoma utosi, na wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu: nani angemwambia Cucu kwamba wamempa mtoto jina lingine? Nilipanga njiani kwamba nitasema kwanza mtoto, halafu jina baadaye, akishafurahi. Nilimkuta akikoroga uji, nikapiga kelele kutoka langoni, "Cucu, ni msichana!"

Hakungoja jina. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka mpaka katikati ya kiwanja akichechemea, akapiga vigelegele. Sikuwahi kumsikia akivipiga kwa jambo la nyumbani kwake. Vilitoka kwenye kifua cha kizee kile kama vya msichana, vikavuka korongo, na ng'ambo mtu akavipokea, na mwingine akavipokea kutoka kwake. Baada ya muda si mrefu wanawake walianza kuingia na vibuyu vya uji, kuni, na majani ya mbuzi ili mamake mtoto asisumbuke. Nikamvuta Cucu leso, nikamnong'oneza, "Lakini wamemwita Nada."

"Nada?" Alikunja uso kidogo. "Hilo ni la Sista, la ubatizo. Acha awe nalo la kanisani. La nyumbani ni Njoki."

Alivyolitatua upesi hivyo, nilimpenda kuliko watu wote.

Jua lilikuwa linaelekea kutua tulipousikia mkokoteni. Wanawake walitoka hadi njiani wakiimba. Juu ya mkokoteni alikuwepo Mama Nyaga peke yake, na mikononi alishika furushi lililofungwa kwa leso ya Mama. Aliinua mkono mmoja. Walidhani anasalimu, wakazidisha wimbo. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa mbele akakaribia ili ambariki mtoto, akaifunua leso kidogo upande wa juu. Akaifunika tena, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa. Wimbo ulikufa kutoka mbele kwenda nyuma, mtu mmoja mmoja. Wa mwisho kuimba nilikuwa mimi, maana nilikuwa mfupi na sikuwa nimeona kitu.

"Mbona mnaimba?" Mama Nyaga aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka, na maneno yake mengi yote yalikuwa yamekwisha. "Nani aliwaambia muimbe?"

Wote walimgeukia Cucu, kwa kuwa vigelegele vilitoka kwake. Nilijua angeninyooshea kidole. Cucu alitazama chini, akasema, "Ni mimi. Masikio yangu yamezeeka. Nilisikia vibaya."

Halafu akaenda, akalipokea furushi.

Walizika jioni hiyohiyo, yeye na Mama Nyaga, nyuma ya ua wa mkonge. Sikuruhusiwa kwenda. Wanawake walichukua vibuyu vyao na kuondoka bila kuagana, kwa sababu hakukuwa na neno la kuagania. Mama alilazwa kwenye zahanati siku nne. Alikuwa amepoteza damu nyingi na kuzimia. Aliporudi alitembea kwa miguu yake hadi kwenye lile turubai, akachuchumaa, akaendelea kuchagua ndengu pale alipoachia. Baba alikuja mwisho wa mwezi, akaambiwa kwamba mtoto alikuja akiwa ameshakufa. Akakaa nje peke yake mchana mzima. Basi. Hakuna aliyetaja tena jambo hilo, wala hakuna aliyenigombeza. Ningegombezwa labda ningelala.

Mara moja tu nilijaribu. Tulikuwa tukimenya kunde, mimi na Mama, nikasema, "Lakini Mama, alilia. Mimi nilimsikia."

Alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, na hakunipiga tena mpaka leo. Kisha akaugeuza mkono wake, akautazama kiganja kana kwamba si chake. Nikaelewa, kwa namna ambayo mtoto huelewa, kwamba kumtaja Nada ni kumuumiza Mama. Basi nikamchukua Nada kwa siri, nikamlea mwenyewe.

Msinicheke. Alikua pamoja nami, hatua kwa hatua. Nilipokuwa na miaka kumi yeye alikuwa na mitatu, na nikitoka kuchunga nilitembea taratibu ili asiachwe nyuma. Alipenda kuokota magamba ya konokono. Aliogopa majogoo. Alipoanza shule nilimshika mkono hadi darasa la kwanza, nikasimama mlangoni mpaka mwalimu akaniuliza nimepoteza nini. Kanisani niliacha nafasi ndogo kati yangu na Cucu kwenye benchi. Jumapili moja kanisa lilijaa, mtu akataka kuketi hapo, na Cucu akamwambia bila kumtazama, "Hapa pana mtu." Tangu siku hiyo, kila Jumapili, yeye ndiye aliyesogea kwanza. Hatukuwahi kulizungumza.

Lakini Nada hakuwa mpole siku zote. Mbuzi wetu walipozaa, nilikwenda kuwatazama vitoto, na mara nyingine nilihesabu vitatu kwa macho na kusikia vinne vikilia. Cha nne kililia nyuma ya ua wa mkonge. Mara moja, kisha basi. Nikakimbilia jikoni, na kila mara nilimkuta Mama amesimama mlangoni, mikono imejaa unga, uso wake umeelekea kulekule. Niliamini alikuwa akinilinda mimi.

Cucu alifariki nilipokuwa kidato cha pili. Alikwenda bila kuliona jina lake limerudi, maana Mama hakuzaa tena. Nilimlilia kwa kilio cha mtu mwenye hatia, na waombolezaji walinisifu kwa kumpenda nyanya yangu.

Niliondoka Kiambere nikaenda chuo, kisha nikapata kazi Meru. Nada alinifuata kwa mbali, msichana mkubwa sasa, asiyesema. Halafu miaka minne iliyopita, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja aitwaye Gatwiri alikuwa akijifunza Kihispania kwa simu. Simu ilitamka, naye akakariri. Nilikuwa nikimwaga chai. Nikalisikia lile neno.

"Umesema nini?"

"Nada," Gatwiri akasema kwa furaha. "Kihispania hiyo. Ni kusema hakuna kitu. Nada, nothing!"

Nilitoka nje nikasimama karibu na matangi ya maji. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemshika mkono mtoto aitwaye Hakuna Kitu. Nilikuwa nimeuliza jina, nikajibiwa kwamba hakuna chochote, nikakimbia njia nzima nikishangilia, nikamfanya nyanya yangu apige vigelegele. Niliona aibu kama vile wale wanawake wangali njiani wananitazama. Baada ya aibu ikaja hasira, na hasira hiyo nilimwelekezea Sista Pilar, ambaye nilidhani amekufa au amerudi kwao.

Hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Mwaka jana, majuma machache baada ya jioni ile ya moshi, padre alitangaza kanisani kwamba masista wazee wanaoishi nje kidogo ya mji wangefurahi kutembelewa, akawataja kwa majina. Jumamosi iliyofuata nilikwenda.

Nilimkuta kwenye kiti chini ya dirisha, amekuwa mdogo, blanketi magotini. Mikono tu ndiyo ilibaki mipana. Nilimwambia mimi ni Wawira wa Kiambere, nikaanza kueleza, na nilipofika kwenye benchi la barazani aliinua mkono nisiendelee.

"Ulikuwa na gauni la kijani," akasema. "Nilipotoka mara ya pili hukuwepo. Nilikutafuta."

"Sista, nilikuuliza mtoto anaitwa nani. Ukaniambia Nada."

"Nilisema hivyo?"

"Mara nyingi. Nikadhani ni jina lake. Nimemwita hivyo maisha yangu yote."

Akafunika mdomo kwa blanketi. Aliposema tena, Kiswahili chake kilikuwa kilekile kilichonyooka, ila kilikuja kwa vipande. Alisema alikuwa akijiambia mwenyewe kwamba hakuweza kufanya lolote. Alisema hakunisikia nilipouliza jina. Halafu akasema, "Alikuwa na jina. Alilia, Wawira. Alilia mara moja, akapumua muda kidogo. Nilichota maji nimbatize. Mama yako alikuwa amezimia, kwa hiyo nikamwuliza jirani yenu. Akasema ni msichana wa pili, huyu ni Njoki. Nikambatiza Njoki."

Nilishika ukingo wa kiti chake. "Mbona Mama aliambiwa hakulia?"

"Mama yako alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Amelia? Yule jirani akajibu kabla yangu. Akasema hapana, alikuja ameshakufa. Alidhani hivyo ni huruma. Nami nikanyamaza. Nilijiambia nitasema ukweli akipata nguvu. Kisha nikahamishwa. Hapana. Nisikudanganye wewe pia. Kuhamishwa kulikuja baada ya miezi saba. Niliogopa."

Nje mtu alikuwa akikata nyasi. Nilitaka kumkasirikia na sikupata pa kuanzia.

"Baba yangu alifundisha Kilatini," akasema baadaye, kana kwamba anaendeleza mazungumzo mengine. "Kilatini ndicho kilichozaa lugha yetu. Zamani hizo, mtu akitaka kusema hakuna chochote, alisema hakuna kitu kilichozaliwa. *Res nata*: kitu kilichozaliwa. Watu husema upesi, wanachoka, wanakata maneno. Wakaliacha *res*, yaani kitu. Mwishowe hata lile hakuna si lazima tena. Likabaki *nata* tu, nasi tukalitamka *nada*." Akanigeukia. "Ndani yake halisemi hakuna, Wawira. Linasema aliyezaliwa. Ulimwita Aliyezaliwa."

Nililia hapo, mtu mzima, kichwa changu juu ya blanketi la mtu niliyekwenda kumlaumu. Yeye naye alilia. Hatukuombana msamaha kwa maneno.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kiambere. Baba amefariki, Mama Nyaga amefariki. Mama anaishi na binamu yangu mmoja anayemsaidia shambani. Nilimkuta kivulini kando ya jiko, anachambua ndengu kwenye ungo. Niliketi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kama nilivyoyapanga siku ile nikiwa na miaka saba, na kama siku ile yote yalinitoka kwa mkupuo mmoja.

"Mama, Sista Pilari yuko hai. Amesema mtoto alilia."

Vidole vyake vilisimama ndani ya ndengu.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunielewa. "Alilia, Mama. Alibatizwa. Mama Nyaga alimpa jina la Cucu."

"Nilimsikia," Mama akasema. "Kabla giza halijanichukua, nilimsikia. Nilipoamka wakaniambia sikusikia kitu. Watu wazima wawili, mmoja wao sista. Nikasema basi ni akili yangu. Nikaanza kuizoea hivyo. Halafu wewe ukaja ukaniambia umemsikia." Aliweka ungo chini. "Lile kofi, Wawira. Nilitaka unyamaze kabla sijakuamini. Kama ningekuamini, ningekwenda kumfukua kwa mikono."

Mama akatazama upande wa ua wa mkonge, ambao siku hizi umekatika katikati, na akalitamka jina lile polepole, kama mtu anayeonja chakula ambacho hajakila kwa miaka mingi. "Njoki." Kisha akaniuliza, "Wewe ulikuwa ukimwita nani? Nilikuona ukiongea naye. Nilikuona ukimngoja njiani."

"Nada."

"Nada." Alilijaribu. "Alikuwaje?"

"Mama?"

"Mimi sikumwona. Walimzika nikiwa nimelazwa, na baada ya hapo nilikukataza kumtaja. Wewe ndiwe uliyekaa naye. Nieleze alikuwaje."

Nilipokuwa mtoto nilijiona mimi ndiye niliyeachiwa kivuli, peke yangu, katika nyumba ya watu waliosahau. Nilimficha Nada ili Mama asiumie. Sikujua kwamba kila mbuzi alipozaa tulisikia sauti moja, yeye mlangoni na mimi kiwanjani, na kwamba kati yetu wawili mimi ndiye niliyekuwa tajiri. Mimi nilikuwa na mtoto wa kushika mkono. Yeye alikuwa na kilio kimoja, tena kilio alichokatazwa kukiamini, na hakuwa na mwingine wa kumgawia.

Basi nikasogeza kigoda changu karibu naye, nikamwambia kwamba Nada alikuwa akiogopa majogoo. Mama akacheka kidogo, machozi yakimtoka, akasema hilo amelitoa kwa Cucu. Nikaendelea.